Likizo ya Siku Saba Tübingen: Krapf, Rebmann na Mtu wa Lilongwe

Mazoezi ya vitabu vya Kiswahili kwa wageni yana tabia yake. Humo mna hoteli, tiketi, soko la vinyago na mgeni anayeuliza bei. Nilipokwenda Malawi kufundisha kozi fupi ya Kiswahili, siku tatu za juma mjini Lilongwe na siku mbili katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, nilibeba zoezi moja la aina hiyo bila kulifikiria sana: "Panga likizo ya siku saba katika mji wa kale wenye chuo kikuu nchini Ujerumani. Andika ratiba, gharama na sababu za kuuchagua mji huo." Darasa la Lilongwe, ambalo wengi wao walikuwa Wamalawi wanaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili, lilianza kuandika papo hapo. Kule Dzaleka mzee mmoja wa Kivu ya Kusini, aliyepata kufundisha shule ya msingi kwao, aliinua mkono.

"Mwalimu, konje ni ya mutu mwenye iko na kazi. Miye niko na konje tangu mwaka wa 2012."

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Kisha nikabaki nimeshika karatasi zangu za mazoezi. Ili kupata nafasi ya kupumua nikaandika neno lake ubaoni. Konje ni neno la Kiswahili cha Kongo lililotokana na Kifaransa. Mama mmoja wa Burundi akaongeza vakansi. Siku iliyofuata Lilongwe wakaniongezea tchuthi, neno la Kichewa. Tukawa na likizo nne, na bado hatujasafiri hata hatua moja.

Nilirudi Dzaleka juma lililofuata na pendekezo tofauti. Nikawaambia: nipangieni mimi. Mimi nina kazi, kwa hiyo nina likizo, na kwa muda mrefu nimetaka kuuona mji mmoja wa Ujerumani ambao sisi walimu wa Kiswahili tuna deni nao, au wao wana deni nasi, hilo tutaliona. Wenzao wa Lilongwe walikuwa wameuchagua Heidelberg, mji wenye chuo kikuu tangu mwaka 1386 na ngome nzuri juu ya mto, na sikuwalaumu. Lakini mji wangu mimi ni Tübingen. Makala haya ni historia niliyowasimulia wanafunzi hao ili waweze kunipangia safari, pamoja na mambo machache niliyoyasoma baadaye kwa sababu ya maswali yao.

Tübingen uko kusini magharibi mwa Ujerumani, katika nchi ya Württemberg ya zamani, kando ya mto Neckar, kiasi cha saa moja kwa treni kutoka Stuttgart. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477 na mtawala aliyeitwa Eberhard. Ni mji mdogo uliobebwa na chuo chake, kama ilivyo miji mingi ya aina hiyo. Mwaka 1623 Wilhelm Schickard, profesa wa hapo, alibuni mashine ya kufanyia hesabu. Mwaka 1869 Friedrich Miescher, akifanya kazi katika jiko la zamani la ngome ya mji lililogeuzwa maabara, alipata kutoka katika chembe za usaha ile kemikali ambayo leo ulimwengu mzima unaiita DNA. Katika seminari ya Kiprotestanti ya mji huo, iliyoanzishwa mwaka 1536, walisoma Kepler mnajimu, na baadaye wakaishi pamoja vijana watatu: Hegel, Schelling na mshairi Hölderlin. Hölderlin alipatwa na maradhi ya akili, na kuanzia mwaka 1807 hadi alipofariki mwaka 1843 alitunzwa katika nyumba ya seremala yenye mnara ukingoni mwa mto. Mnara huo ndio unaopigwa picha na kila mtalii. Wakati wa kiangazi watu hupanda mitumbwi mirefu inayosukumwa kwa upondo, kama tunavyofanya sisi mitoni, ila wao hulipia.

Hayo yote yangetosha siku mbili. Siku ya tatu ya ratiba yetu ndiyo ilinipeleka Derendingen.

Derendingen leo ni sehemu ya mji wa Tübingen, lakini tarehe 11 Januari 1810, alipozaliwa hapo Johann Ludwig Krapf, kilikuwa kijiji cha wakulima, na baba yake alikuwa mkulima. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, Krapf anasimulia jinsi alivyopigwa vibaya na jirani akiwa mtoto wa miaka kumi na moja, kwa kosa ambalo hakulifanya, akaugua kwa miezi kadhaa na kuutumia muda huo kusoma. Baadaye akawa anakwenda kwa miguu kusoma shule ya Kilatini mjini Tübingen. Huko ndiko alikoona ramani ya dunia, na upande wetu wa Afrika mashariki akaona majina machache mno. Akajiuliza iwapo nchi yote hiyo ni jangwa la fisi. Ninalipenda swali hilo kwa sababu ni la mtoto. Watu wazima waliochora ramani ile hawakuwa na kisingizio.

Baada ya mafunzo ya umisionari Basel, Krapf alirudi Tübingen kusoma teolojia, akakaa hapo tangu mwaka 1829 hadi 1834. Maana yake ni kwamba Hölderlin alikuwa bado yu hai katika mnara wake wakati Krapf akisoma mji huohuo. Mwanafunzi mmoja wa Lilongwe, anayependa fasihi, aliniuliza kama walipata kuonana. Nikamwambia aandike tamthiliya.

Mwaka 1837 Krapf alikwenda Ethiopia chini ya jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana ya Uingereza, CMS, na baada ya kufukuzwa huko alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf alibaki. Alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Inafaa tulikumbuke jambo hilo: tafsiri ya kwanza ya Biblia kwa Kiswahili iliyofika katika chapa, sura tatu za Mwanzo zilizotolewa Marekani mwaka 1847, ilipitia mikononi mwa kadhi wa Kiislamu. Mtu aliyeijua lugha kwa kina mjini Mombasa wakati ule alikuwa mwanachuoni, na Krapf alimwendea mwanachuoni.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, aliyezaliwa mwaka 1820 katika mji wa Gerlingen karibu na Stuttgart, nao wakahamia Rabai katika milima ya Wamijikenda. Vitabu vya shule vinawataja wawili hao kwa habari za theluji: Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Sisi wa lugha tuna sababu nyingine. Mwaka 1850 Krapf alirudi kwao kwa muda, na akiwa huko alichapisha Tübingen, katika kiwanda cha chapa cha Ludwig Friedrich Fues, muhtasari wa sarufi ya Kiswahili ulioandikwa kwa Kiingereza. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili kuchapishwa. Kilitangulia kitabu mashuhuri cha Askofu Edward Steere wa Zanzibar kwa miaka ishirini. Mwaka huohuo na mahali hapohapo lilitoka pia juzuu la maneno ya lugha sita za Afrika mashariki: Kiswahili, Kinyika (ndiyo Kimijikenda), Kikamba, Kipokomo, Kigala na Kihiau. Nilipoitaja hiyo ya mwisho Lilongwe, dada mmoja wa Mangochi akaruka kitini: Kihiau ni Kiyao! Lugha ya nyumbani kwake ilikuwa imeshachapishwa mjini Tübingen miaka arobaini kabla Waingereza hawajaifanya nchi yake kuwa himaya yao.

Katika sarufi ile mna ukurasa ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kuufahamu. Krapf alitetea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi na kuziacha herufi za Kiarabu, ambazo waandishi wa pwani walikuwa wakizitumia kwa karne nyingi. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa ya kidini: aliona kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango mpana wa kuingia bara. Si yeye peke yake aliyeleta mabadiliko hayo. Serikali za kikoloni ndizo zilizoyakamilisha kwa amri na shule. Lakini tunapowafundisha wanafunzi kwamba herufi za Kirumi zilishinda kwa sababu zinaonyesha irabu zetu vizuri zaidi, tunasimulia nusu ya habari. Nusu nyingine ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Hata hivyo mtu huyohuyo alikusanya tenzi zilizoandikwa kwa herufi hizohizo za Kiarabu na kuzipeleka Ujerumani, kwenye maktaba ya Jumuiya ya Wanamashariki iliyoko Halle, mji mwingine wa chuo kikuu. Moja ni hati ya Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Nilitaka kuiingiza Halle katika ratiba, lakini kamati yangu ya Dzaleka ilikataa kwa sababu ya nauli.

Sasa nifike kwa mtu wa Lilongwe.

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875 bila kurudi Ulaya hata mara moja, na katika miaka ya 1853 na 1854 alijishughulisha na lugha ambayo hakuna mwenyeji wa Rabai aliyeizungumza. Aliiita Kiniassa. Ni lugha ambayo leo tunaiita Kinyanja, na ambayo nchini Malawi iliitwa rasmi Kichewa kuanzia mwaka 1968. Mwalimu wake alikuwa mtumwa aliyeitwa kwa jina la pwani Salimini, aliyekamatwa kwao yapata miaka kumi kabla na kuletwa Mombasa. Kwao kulikuwa mahali paitwapo Mphande, ambapo wataalamu wanapaweka upande wa Lilongwe.

Tuitazame njia hiyo. Kutoka nyanda za Lilongwe mtu alishuka hadi ziwani. Katika miaka hiyohiyo ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, aliyekuja kuitwa Jumbe, aliweka makao yake Nkhotakota, na majahazi yake yakawa yanavusha pembe za ndovu na watu hadi ng'ambo ya ziwa, ambako misafara ilielekea Kilwa. Ni majuma mengi ya kutembea. Katika njia hizo ndimo Kiswahili kilimoingia Malawi, na hili nililisema wazi darasani, kwa sababu wanafunzi wa Kimalawi wanalijua na hawapendi mwalimu anayelipitia pembeni. Kiswahili kilifika kwao kikiwa lugha ya wanunuzi wa watu. Salimini alikipata katika hali hiyo, na hicho ndicho walichokuwa nacho yeye na Rebmann cha kuelewana.

Fikirini kazi yenyewe ilivyofanyika. Mswabi wa Gerlingen, anayelipwa na jumuiya ya Kiingereza, anauliza kwa Kiswahili; Mchewa wa Mphande anajibu kwa lugha ya mama yake aliyoiacha miaka kumi nyuma; Mswabi anaandika maana kwa Kiingereza. Hata jina la lugha katika kitabu limevaa nguo ya Kiswahili: Ki- mahali ambapo mwenyewe husema Chi-. Na Salimini hakuwa mtu wa kujibu tu kile alichoulizwa. Alimweleza Rebmann kwamba lugha yake yeye ni Kikamtunda, yaani ya watu wa nyanda za juu, na kwamba Kimaravi cha upande wa kusini kinatofautiana nayo. Akatoa mfano wa mti: Wamaravi huuita mombo, kwao yeye huitwa kamphoni. Msomaji wa Kiswahili atausikia hapo mti wetu wa myombo, ule ambao wingi wake, miombo, umeipa jina misitu inayotanda kutoka Tabora hadi Malawi na kwingineko.

Mimi nimefundisha lahaja kwa miaka mingi. Ninaweza kusema kwamba mtu anayekwambia, bila kuulizwa, "sisi twasema hivi, wale wa kusini husema vile," huyo ana akili ya mwanaisimu. Hakusoma Tübingen. Alikuwa mtumwa katika nchi ya ugenini, na mti alioutaja hakuuona tena kwa miaka kumi.

Kamusi ile haikuchapwa upesi. Rebmann alipofuka macho, na mwaka 1875 akarudishwa Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, ambaye kwa hiyo ni mmoja wa watu wetu wa mwanzo kuiona nchi ya Württemberg. Rebmann alifariki Korntal, karibu na Stuttgart, tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf, aliyekuwa akiishi hapohapo Korntal, alizihariri karatasi za mwenzake, na mwaka 1877 kamusi ikachapwa St. Chrischona karibu na Basel. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa juu ya Kichewa. Kamusi kubwa ya Kimang'anja ya David Clement Scott ilitoka mwaka 1892. Jalada lina majina mawili, la Rebmann na la Krapf. Krapf mwenyewe alifariki tarehe 26 Novemba 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London mwaka uliofuata. Wote wawili wamezikwa Korntal.

Niliposimulia haya Lilongwe, wanafunzi walikaa kimya, kisha wakaanza kubishana juu ya mti. Wengine walisema bibi zao wanaujua, wengine walisema kijijini kwao haupo tena, umekwisha kwa mkaa. Nikawapa kazi ya nyumbani ya kuuliza wazee. Nakiri kwamba ndiyo kazi ya nyumbani pekee katika kozi nzima iliyoletwa na watu wote.

Dzaleka swali lilikuwa jingine. Mzee wa konje aliuliza: "Huyo Salimini, alikuwa na karatasi?"

Inabidi nieleze. Dzaleka iko kilometa 45 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Zamani za Rais Banda palikuwa gereza, na jina lenyewe, wenyeji husema, ni la mfungwa anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena: kitenzi ni -leka. Warundi na Wanyarwanda darasani walilitambua mara moja, maana kwao ni kureka. Mwaka 1994 pakageuzwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowakutanisha sokoni, kanisani, msikitini na kisimani ni Kiswahili. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake juu ya ibara kadhaa. Kuhusu kazi ya kuajiriwa, ibara ya 17, haikukubali kufungwa nayo kikamilifu. Kuhusu uhuru wa kutembea, ibara ya 26, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa na kuwazuia kutembea pale inapoona usalama wa nchi unadai hivyo. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na waliochelewa wakakamatwa. Kwa hiyo mtu wa Dzaleka anayetaka kwenda Lilongwe kununua daftari huomba karatasi ya ruhusa yenye tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Ile kauli ya mzee juu ya likizo ilikuwa maelezo ya sheria, nami niliichukua kuwa mzaha.

Sitaki msomaji adhani kwamba Dzaleka ni mahali pa huzuni tu. Tangu mwaka 2014 kumekuwa na tamasha la sanaa liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongomani Menes la Plume, mkimbizi mwenyewe, na Wamalawi kwa maelfu huingia makazini kusikiliza muziki. Wageni wengine hulala katika nyumba za wakimbizi, hula ugali na sombe, hulipia malazi. Mama wa Burundi aliyesema vakansi aliwahi kupokea wageni wa namna hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa ratiba yetu. Alijua mgeni anataka nini saa ngapi. Alinipangia kupumzika baada ya chakula cha mchana kila siku, jambo ambalo vitabu vya kufundishia havilikumbuki.

Upande wa gharama tulifanya kazi kwa uzito. Ada ya viza ya muda mfupi ni yuro 90. Bima ya afya ya safari lazima ifikie kiwango cha angalau yuro 30,000, na hapo darasa lilisimama, wengine wakidhani kwamba fedha hizo hulipwa taslimu. Kuna taarifa ya benki, barua ya mwajiri, na uthibitisho kwamba utarudi ulikotoka. Mkataba wa 1951 katika ibara ya 28 unaitaja hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kijana mmoja aliisoma ibara hiyo kwa sauti darasani, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na kwa haki ya Mungu ilikuwa tafsiri bora ya muhula. Ndege ingeniondoa uwanja wa Kamuzu, kupitia Addis Ababa, hadi Frankfurt, kisha treni. Uwanja huo uko Lumbadzi, kati ya Lilongwe na Dzaleka. Kila Alhamisi nilipokwenda kufundisha niliupita, na kila mwanafunzi wangu aliyepata karatasi ya kwenda mjini aliupita pia.

Ratiba ilipokamilika nilipeleka nakala Lilongwe ili madarasa mawili yasahihishiane sarufi. Wamalawi walisahihisha ngeli za Wakongomani bila huruma, na Wakongomani wakasahihisha Kiswahili cha Wamalawi kilichonuka kamusi. Mtu mmoja wa Lilongwe aliandika pembeni mwa siku ya tatu kwamba niende maktaba ya chuo kikuu, niombe kitabu cha 1850, nitafute orodha ya Kihiau na ninakili maneno ya vyombo vya jikoni. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Katika idara yetu Krapf na Rebmann wamo katika muhtasari wa kozi ya historia ya Kiswahili, juma la nne. Nimemwongeza Salimini katika juma hilohilo, pamoja na Sheikh Ali bin Mueddin, na swali moja la mtihani limeshatungwa. Wenzangu wanaofundisha sehemu nyingine wakitaka maelezo niliyonayo, mlango wangu uko wazi siku za Jumatatu na Jumatano mchana.

Safari yenyewe bado. Nauli haijatimia, na barua ya mwajiri, kama kila mmoja wetu ajuavyo, ina mwendo wake. Ratiba ninayo. Siku ya kwanza ni kupumzika, siku ya pili mnara na mto, siku ya tatu Derendingen kwa miguu na maktaba, siku ya nne ngome, siku ya tano Gerlingen. Siku ya sita imeandikwa kwa mwandiko wa mzee, mwandiko wa mwalimu wa shule ya msingi, herufi zimesimama wima: "Korntal. Kusalimia makaburi mawili. Kuuliza Salimini alizikwa wapi." Nauli ya siku hiyo aliiacha wazi ili niijaze nikifika.